Siku moja ya kungoja ndege Addis Ababa, na kaye ya majina ya Kingi

Kingi, Masisi – Zamani njia ya kutoka Kingi kwenda Kinshasa ilielezwa kwa maneno machache: unashuka mpaka Sake, unaingia Goma, unapanda ndege. Siku hiyo hiyo unakula bugali Kinshasa. Lakini mwisho wa Januari 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na njia ikawa ndefu. Kuna wanaopita Rutshuru na Lubero mpaka Beni kutafuta ndege huko, wakivuka mistari ya vita. Na kuna wanaotoka nje ya nchi ili wafike katika mji mkuu wa nchi yao wenyewe.

Mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, ambaye watu wa Kingi humwita Mwalimu tu, alichagua njia hiyo ya pili. Binti yake anaishi Kinshasa na alikuwa karibu kujifungua. Ndiye aliyemlipia tiketi: Entebbe, Addis Ababa, Kinshasa. Mwalimu alipoisoma aliona kwamba ndege ya Entebbe ingetua Addis asubuhi, na ile ya Kinshasa ingeondoka kesho yake asubuhi. Siku nzima ya kungoja, katika mji asiomjua mtu yeyote.

Alipofika, paspoti yake iligongwa muhuri wa msafiri anayepita, akapewa chumba cha hoteli. Addis iko juu, zaidi ya mita 2,300, na baridi yake haikumshangaza mtu wa Masisi. Alitazama miti ya mikaratusi juu ya vilima akasema ni kama hajatoka nyumbani. Kijana wa hoteli alimwambia, kwa Kifaransa cha kuungaunga, kwamba kuna gari dogo linalotembeza wageni kwenye sehemu maarufu za mji, na kwamba litaondoka saa mbili.

«Saa mbili ya kwenu au ya Wazungu?» Mwalimu aliuliza.

Kijana alicheka. Waethiopia huhesabu saa sawasawa na Waswahili: jua likichomoza, saa moja inafuata. Saa mbili yao ni saa mbili ya bibi zetu. Kalenda yao pia ni ya peke yake, ina miezi 13, na miaka yao iko nyuma ya ya kwetu kwa miaka saba au minane.

Ndani ya gari kulikuwa na muongozaji, dereva, na wafanyabiashara wawili wa Butembo waliokuwa wanatoka China. Waliposikia Kiswahili cha Mwalimu walimwita «Mama» papo hapo, wakamwachia kiti cha dirishani.

Kituo cha kwanza kilikuwa jumba la makumbusho la taifa. Humo kuna mifupa ya Lucy, kiumbe wa jamii ya mababu wa binadamu, aliyeokotwa Hadar, katika eneo la Afar, tarehe 24 Novemba 1974. Umri wake ni miaka kama milioni 3.2. Waethiopia humwita Dinkinesh, maana yake «wewe ni wa ajabu». Muongozaji alieleza kwamba mifupa halisi hufungiwa mahali salama, na ile ambayo wageni huonyeshwa ni nakala. Lakini hata iliyofungiwa iko papo hapo Addis, katika nchi ilikotoka.

Mwalimu alisimama hapo muda mrefu. Darasani huwa anawafundisha watoto juu ya mfupa wa Ishango, ule wenye mikato ya kuhesabia, uliookotwa mwaka 1950 pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edouard, hapa hapa Kivu ya Kaskazini. Una miaka kama 20,000. Watoto huuliza wanaweza kuuona wapi. Jibu ni Bruxelles.

Kutoka hapo gari lilipanda mpaka Sidist Kilo, kwenye mnara mweupe wa mawe unaoitwa Yekatit 12. Hilo ni jina la tarehe ya kalenda yao, yaani tarehe 19 Februari 1937. Siku hiyo vijana wawili walimtupia mabomu Graziani, mtawala wa Kiitalia. Hakufa. Kwa siku tatu Waitalia walilipiza kisasi juu ya raia wa mji: walichoma nyumba na kuua walioonekana njiani. Ethiopia husema waliouawa walikuwa 30,000. Kuna utafiti uliotaja karibu 19,000. Kila mwaka siku hiyo watu huja kuweka maua.

Mfanyabiashara mmoja alisema tofauti ya 30,000 na 19,000 ni kubwa mno, kwa nini wasikubaliane? Mwalimu alimjibu kwa upole: «Baba, kule kwetu tungepata hata wa kubishana naye juu ya hesabu.»

Kituo cha tatu kilikuwa kanisa kuu la Utatu Mtakatifu. Wale wawili wa Butembo walichangamka, maana Haile Selassie walimjua kupitia nyimbo za rege. Walitaka picha karibu na kaburi lake, jeneza kubwa la jiwe. Muongozaji aliwaacha wapige, kisha akawaeleza habari ambayo nyimbo hazisemi. Wanajeshi wa Derg walimpindua mfalme tarehe 12 Septemba 1974 wakamfungia. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, ilitangazwa kwamba amekufa, na hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1992, baada ya Derg kuanguka, imefukiwa chini ndani ya eneo la ikulu. Ilizikwa kanisani tarehe 5 Novemba 2000.

Mfalme wa wafalme, na alikaa miaka 25 bila mazishi. Mwalimu alihesabu kwa vidole. Aliwaza juu ya Patrice Lumumba, ambaye kwake lilirudi jino moja tu kutoka Ubelgiji, Juni 2022, miaka 61 baada ya kuuawa. Kisha akawaza juu ya mtu ambaye hakuna redio iliyomtaja: mjukuu wake wa miaka mitatu.

Mwaka 2024 familia ya Mwalimu ilikuwa chini ya bashi huko Bulengo, pembeni ya Goma, pamoja na maelfu ya watu wa Masisi. Mtoto alishikwa na kuharisha na homa, na siku ya nne akafa. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano, kuchimba ni kazi ya wanaume wengi. Walimzika, wakaweka kibao cha mbao, Mwalimu mwenyewe akaandika jina kwa kalamu nzito. Mvua ya Septemba ilifuta herufi. Februari 2025 makambi yalipovunjwa na watu kuambiwa warudi kwao, familia iliondoka kwa haraka. Leo Mwalimu hawezi kusema kwa uhakika ni rundo lipi la mawe.

Hayo yote hakuwaambia wenzake wa gari. Aliyabeba mpaka kituo cha mwisho, uwanja wa Meskel.

Pembeni ya uwanja huo kuna nyumba ya kumbukumbu ya wahanga wa Ugaidi Mwekundu, iliyofunguliwa mwaka 2010. Tarehe 17 Aprili 1977, katika uwanja huo huo, Mengistu Haile Mariam alivunja mbele ya umati chupa zilizojaa kitu chekundu kama damu, ishara ya kile ambacho kingewapata wapinzani. Vijana wengi walikamatwa majumbani na shuleni, wakateswa na kuuawa. Nje ya nyumba kuna sanamu ya wanawake watatu wenye majonzi. Kuingia ni bure, anayetaka anaacha mchango.

Ndani, ukuta mmoja umejaa picha za sura. Ni picha za paspoti, za shule, za harusi. Kwenye makabati ya kioo kuna mifupa iliyofukuliwa katika makaburi ya pamoja, na nguo ambazo ndugu walizitambua. Miaka ya 1990 wataalamu kutoka Argentina, nchi ambayo nayo ilitafuta watu wake waliopotezwa na wanajeshi, walikuja kusaidia kufukua na kutambua. Kesi za viongozi wa Derg zilianza Desemba 1994. Mengistu, aliyekimbilia Zimbabwe mwaka 1991, alihukumiwa kwa kosa la mauaji ya kimbari Desemba 2006, bila yeye kuwepo.

Mzee aliyewatembeza humo alikuwa mmoja wa waliofungwa wakati ule akiwa kijana. Alisema polepole, na yule muongozaji wa gari alitafsiri. Mwalimu alimuuliza swali moja tu: «Baba, majina yote haya mliyapata wapi?»

Mzee alisema mengine yalitoka katika karatasi za wauaji wenyewe, maana waliandika kila kitu. Mengine yalitoka kwa akina mama. Mama alikuja na picha aliyoificha miaka kumi na tano chini ya godoro, akasema: huyu ni wangu, alivaa sweta hii, alichukuliwa siku hii. Bila hao akina mama, alisema, ukuta ungekuwa mtupu.

Mfanyabiashara mmoja wa Butembo hakuridhika. Alimkumbusha mzee kwamba baada ya nyumba hii kujengwa vita viliwaka tena Ethiopia, huko Tigray, kuanzia Novemba 2020 mpaka mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022. Sasa kumbukumbu inasaidia nini? Mzee hakukasirika. Alisema ukuta hauwezi kuzuia risasi. Lakini mtu akija kusema watoto hawa hawakuwepo, anapelekwa mbele ya ukuta.

Usiku ule hotelini, Mwalimu alifungua kaye aliyokuwa amenunua kwa ajili ya hesabu za safari. Aliandika jina la mjukuu wake, la baba na mama yake, kijiji alikozaliwa, siku aliyokufa, na mahali alipozikwa kadiri anavyokumbuka: upande wa ziwa, chini ya njia ya tanki la maji, hatua chache kutoka kaburi la mzee fulani. Kisha akaandika majina ya majirani wa mistari ile ile ya mabashi. Alipofika Kinshasa, na baada ya mtoto wa binti yake kuzaliwa salama, aliendelea kwa simu, akiwauliza watu wa Kingi mmoja mmoja. Mpaka wiki iliyopita kaye ilikuwa na majina 64.

Sehemu hii ya nchi ina deni kubwa la majina. Tangu mauaji yalipoanzia soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993, na kusambaa mpaka Masisi, watu wamezikwa mashambani, kando ya barabara, katika makambi. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lushagala na Mugunga, na wengi wa waliokufa walikuwa wamekimbia kutoka Masisi. Kitaifa tarehe 2 Agosti imewekwa kuwa siku ya kuwakumbuka wahanga wa vita. Hilo ni jambo jema, lakini siku moja ya mwaka haiwezi kujua jina la mtoto wa Kingi.

Kuna hatari pia, na Mwalimu anaijua. Katika nchi yenye bunduki, orodha ya majina inaweza kuchukuliwa kwa ubaya. Kule Addis orodha ziliwahi kutumika kuwasaka watu kabla ya kutumika kuwakumbuka. Kwa hiyo katika kaye yake haandiki aliyeua, haandiki kabila, haandiki aliyetoa habari. Anaandika wafu peke yao, wa kila jamaa ya Kingi, bila kuchagua. Aliyekufa kwa bomu na aliyekufa kwa kuharisha wako ukurasa mmoja, maana wote waliondolewa nyumbani na vita.

Anaomba familia zilizo Goma, Sake, Minova, Walikale na zilizorudi Kingi zifanye hivyo kila moja kwa upande wake. Mambo sita yanatosha: jina kamili, majina ya wazazi, kijiji, umri, siku ya kifo, na mahali pa kaburi pamoja na alama isiyohama kama mti mkubwa, jiwe, kanisa au kisima. Kama kuna picha, andika jina nyuma yake. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iwe kwa ndugu aliye mbali, maana nyumba huchomwa na simu huibiwa. Asiyejua kuandika amtafute mtoto wa shule. Wazee wasingojewe, waulizwe sasa.

Serikali au kanisa au watoto wa watoto wataamua siku moja kama Kingi itakuwa na ukuta wake au mnara wake. Hiyo ni kazi ya wakati wa amani, na pesa zake zitatafutwa. Majina hayawezi kungoja mpaka hapo. Mvua ya Septemba iko njiani tena.