Pima Tena

Mimi ni fundi wa simu mjini Malindi. Kibanda changu kina meza moja, taa, hadubini ndogo ya kukagulia saketi, na kiti cha plastiki cha mteja mwenye haraka. Mchana natoa maji ya bahari kwenye simu za watu. Usiku, kwa muda wa miaka miwili, nilikuwa natafuta kitu kilichopotea mwezini tangu 1966.

Najua unavyocheka. Mama alicheka pia, kisha akauliza kama kuna pesa. Baba ndiye hakucheka. Aliuliza, "Hicho kitu kina ukubwa gani?"

"Kama sufuria la pilau ya harusi."

"Na huo mwezi?"

"Eneo lake limezidi Afrika nzima."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Unaanzia wapi?"

Baba alifanya kazi miaka mingi na wapimaji ardhi hapa pwani. Hakuwa mpimaji. Ndiye aliyebeba mnyororo, akafyeka njia, akasimamisha mti wenye rangi nyekundu na nyeupe huku mwenye cheo akichungulia kwenye darubini. Siku hizi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa hiyo kila nilichoona mimi, yeye alikiona kwa masikio.

Sufuria langu linaitwa Luna 9. Ni chombo cha Wasovieti, kilichotua tarehe 3 Februari 1966, zaidi ya miaka mitatu kabla ya Armstrong. Ndicho chombo cha kwanza kutua mwezini bila kuvunjika na kutuma picha kutoka pale pale. Chenyewe ni tufe la sentimita 58 hivi, lililofunguka kama ua la petali nne. Lilipiga picha siku tatu, betri zikaisha. Kisa chake kina kichekesho: Waingereza wa Jodrell Bank waliyanasa mawimbi yake, wakagundua yanafanana na ya mashine za kutumia picha magazetini, wakaazima mashine ya gazeti la Daily Express, na picha ikatoka London kabla Moscow haijaitoa. Kwa hiyo dunia nzima iliona mawe yaliyolizunguka tufe lile, lakini mahali penyewe pakabaki pa kukisia. Vipimo vya wakati huo viliweza kukosea kwa makumi ya kilomita.

Nilipoanza, mwaka 2021, sikuhitaji ruhusa ya mtu. Tangu 2009 chombo cha NASA kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter kinauzunguka mwezi kikiupiga picha, na picha hizo ni bure kwa yeyote. Kamera yake kali, ikiwa kilomita 50 juu, huona kiasi kwamba pikseli moja ni nusu mita. Kila faili ni ukanda mrefu wa mamia ya megabaiti, kwa hiyo nilikuwa nanunua bando la usiku, naiacha laptopu ikivuta, nalala.

Picha ya kwanza niliyofungua ilikuwa ya Apollo 11, iliyopigwa 2011 chombo kikiwa kimeshuka hadi kilomita 24 hivi. Kumbe nyayo bado zipo! Kuna mstari mweusi mwembamba unaotoka kwenye mabaki ya Eagle kwenda mashariki, kama mita 60, hadi ukingoni mwa shimo. Ni Armstrong alikwenda kuchungulia, akarudi. Vumbi lililovurugwa huonekana jeusi kuliko lililotulia, na kwa kuwa kule hakuna upepo wala mvua, njia ya dakika chache haijafutika. Nilimsimulia Baba. Akasema, "Kama njia ya mbuzi ukiitazama kutoka mlimani." Ndivyo hasa.

Hapo nikadhani kazi ni rahisi. Wiki ya pili nikagundua kwamba nilikuwa natazama kila kitu kinyume. Mashimo yote yalikuwa yamegeuka maandazi. Jicho letu limezoea mwanga unaotoka juu. Picha ikiwa jua lake linatoka chini ya ukurasa, ubongo unafanya shimo kuwa kilima bila kukuomba radhi. Ikabidi nibandike mshale wa karatasi pembeni ya skrini kila mara: jua liko huku.

Aliyenipa moyo ni mhandisi wa programu wa Chennai, Shanmuga Subramanian. Septemba 2019 chombo cha India kilichoitwa Vikram kilianguka karibu na ncha ya kusini ya mwezi. NASA wakatoa picha ya eneo, hawakuona kitu. Huyu bwana, nyumbani kwake, akaweka laptopu mbili, picha ya kabla kwenye moja na ya baada kwenye nyingine, akalinganisha kipande kwa kipande. Akaona pikseli moja nyeupe ambayo zamani haikuwepo. Akaandika barua pepe. Wataalamu wakasubiri picha bora za Oktoba na Novemba, wakapata mahali chombo kilipogonga, na tarehe 2 Disemba wakatangaza jina lake. Kipande alichokiona kilikuwa kama mita 750 kutoka hapo. Pikseli moja!

Lakini Subramanian alikuwa na picha ya kabla. Luna 9 ilitua miaka 43 kabla ya kamera hii kufika. Hakuna kabla. Kuna baada tu, na mawe yasiyo na idadi, mengi yao ukubwa wa sufuria.

Usiku mmoja wa Machi 2022 nikaliona. Doa jeupe, na nyuma yake kivuli cha pikseli nne. Nikapiga hesabu: pikseli nne ni mita mbili, jua lilikuwa nyuzi 20 juu ya upeo, kwa hiyo kitu kina kimo cha sentimita 73. Tufe la sentimita 58 lililofunguka, lenye vijiti vyake vya antena. Moyo ulinidunda hadi masikioni. Saa nane za usiku nikamwandikia mtaalamu mmoja wa ng'ambo, barua ndefu yenye picha na mishale. Nikatuma. Sikulala.

Asubuhi nikamwambia Baba. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaanza maswali yake.

"Jua lilikuwa upande gani?"

"Mashariki."

"Kivuli kimelala magharibi. Na ardhi ya huko magharibi, inapanda au inashuka?"

Nikasema ni tambarare.

"Nani amekuambia? Sisi tulikuwa tunapima minazi kwa kivuli. Unasimamisha fimbo unayoijua urefu, unalinganisha. Lakini mnazi ukiwa chini ya kilima, kivuli kikipanda kilima kinafupika. Utasema mnazi ni mfupi. Pima tena, jua likiwa upande wa pili."

Ilinichukua siku tatu kupata picha ya mahali pale pale iliyopigwa alasiri ya mwezini, jua likitoka magharibi, chini zaidi, nyuzi 12. Kama kitu changu kilikuwa na sentimita 73, kivuli kingekuwa pikseli saba. Zilikuwa kumi. Kimo chake kilizidi mita moja, na kivuli kilikuwa kinene, si cha kijiti. Mwanga huo wa chini ukafichua pia nisichokiona mwanzo: doa langu lilikuwa ndani ya shimo la zamani, lililosagika hadi likawa kama sahani, na pembeni yake vivuli vingine vitano vya namna ile ile. Lilikuwa jiwe, pamoja na ndugu zake.

Nitakuambia ukweli. Niliamua kunyamaza. Yule mtaalamu alikuwa hajajibu. Pengine asingejibu kamwe, na barua yangu ingezama pamoja na nyingine. Mtu asiye na digrii akikosea mara moja, nani atamsoma mara ya pili?

Nilimwambia Baba hivyo, nikitegemea anielewe. Akakaa kimya muda mrefu, mkono juu ya bakora. Kisha akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Kulikuwa na shamba moja la mikorosho, la ndugu wawili. Siku ya kupima, mnyororo ulipita juu ya kichuguu, ukakunjwa vibaya, na bikoni ikawekwa hatua kadhaa ndani ya shamba la mdogo. Baba aliona. Ndiye aliyeshika mnyororo.

"Mbona hukusema?"

"Mimi nilikuwa mbeba mnyororo tu. Nani angenisikiliza?" Akapangusa macho yake, ingawa siku hizi hutoka machozi yenyewe. "Wale ndugu hawakusalimiana mpaka mmoja akafa. Bikoni iko pale pale hadi leo, mwanangu."

Jioni ile nikaandika barua ya pili. Ilikuwa fupi. Nilisema nimekosea, nikaeleza kivuli na mteremko, nikaambatisha picha zote mbili. Kuituma kulikuwa kugumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hii ilikuwa na uhakika.

Jibu likaja baada ya siku kumi, mistari miwili. Alishukuru kwa barua ya pili, na akasema nikiona kingine nisisite.

Sikukiona kingine. Nina daftari la mawe: mahali 41 ambapo nilidhani ni Luna 9, na mbele ya kila mahali sababu iliyonishinda. Pikseli iliyotokea kwenye picha moja tu. Jiwe lenye kivuli kirefu mno. Ukingo wa shimo uliong'aa asubuhi na kupotea alasiri. Ukinitaka nikuonyeshe palipo na kitu, sina. Palipo na jiwe naweza kukuonyesha, na anayetafuta baada yangu hatapoteza usiku wake pale.

Mwaka uliopita Baba alifanyiwa jicho la kushoto. Bandeji ilipotoka nilimwekea laptopu mapajani, ile picha ya Apollo 11, nikamwonyesha njia kwa kidole. Akaisogelea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Na jua," akasema, "liko upande gani?"