Mafundo ya Kaloleni

Mtaa wa Kaloleni, Nairobi, ulijengwa miaka ya 1940, ukaachiwa uwazi ambao mitaa mingi ya Eastlands haijawahi kuuona. Mama alipanda nyanya za Money Maker nyuma ya nyumba, na kwa miaka zilizaa vizuri. Kisha zikaanza kunyauka saa sita mchana, udongo ungali umelowa; jioni zinainuka, kesho yake zinalala tena. Tulilaumu maji ya mfereji, tukalaumu mbolea, wengine wakalitaja jicho la jirani. Alipong'oa mche mmoja na kuukung'uta, mizizi ilikuwa imevimba mafundo kama shanga zilizotungwa ovyo. Bwana shamba akasema ni minyoo fundo: hawaonekani kwa macho, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai.

Dawa iliyosifiwa ilikuwa Furadan. Mama alikataa kuinyunyiza mahali kuku wanapochakura, nami naona alifanya la maana. Mwaka 2009, baada ya kelele kuhusu simba waliotegewa sumu hiyo, ikaanza kuondolewa madukani.

Vivungulio vilipokuwa vikienea Ruai na Utawala, wenye agroveti wakaanza kutuuzia Anna F1. Bei yake iliuma, na ngozi yake ngumu inafaa safari ya soko la Marikiti kuliko kachumbari. Lakini mizizi yake ilitoka safi. Kinga ya nyanya za namna hii inatokana na jeni iitwayo Mi, iliyochukuliwa kutoka kwa nyanya mwitu ya Peru. Mnyoo akichoma mzizi, seli zilizo karibu na mdomo wake hufa upesi. Hapewi sumu, ananyimwa meza.

Joto ndilo linaloiharibu kinga hiyo. Udongo ukipita nyuzi 28, kinga huanza kulegea, na Februari, chini ya nailoni ya kivungulio, nyuzi hizo hupitwa mapema. Kinga kama hiyo hushindwa kwa njia nyingine pia: wakulima wa tumbaku Marekani nao walipata mbegu ya NC 95 mwaka 1961. Ilimzuia mnyoo wa aina moja, baadaye binamu zake wakalichukua shamba.

Kwa hiyo Mama anapanda Anna nje, juani, na kutandaza nyasi kavu udongo upoe. Mavuno yakiisha, mizizi yote inang'olewa na kuchomwa. Jembe la kuazimwa haliingii kiwanjani kabla ya kuoshwa, na jirani mmoja ameshanuna kwa hilo.