Spea nyembamba ni kiraka tu

Jamani, leo naweka programu kando, nizungumzie tairi. Kisiwani Lamu usafiri ni punda na boti. Gari huliacha Mokowe, bara. Kutoka hapo hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 100. Ile spea nyembamba kwa kawaida imeandikwa usizidi 80 kwa saa, na watengenezaji wengi huihesabia kilomita 80 hivi tu. Piga hesabu mwenyewe!

Mimi huipima upepo kabla ya kuondoka. Nyingi hutaka psi 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida. Pancha nikiipata mbele, hufunga spea nyuma na tairi zima nikalileta mbele, maana gari langu huvutwa na magurudumu ya mbele. Kisha naziba pancha Witu, singoji Garsen.

Waandika programu twajua: kiraka cha muda kikisahaulika huangusha mfumo. Barabarani huangusha watu.