Gundi ya Kioo

Tarehe 7 Februari, 1845, kijana mmoja mlevi aliingia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, akaokota kitu kizito, akakirusha. Kilichopigwa kilikuwa Chombo cha Portland, kazi ya Warumi yenye umri wa miaka 1,800 na zaidi: kioo cha buluu nzito kilichovikwa tabaka la kioo cheupe, na katika weupe ule watu na miti vimechongwa. Kimo chake ni sentimita 25 hivi. Kilisambaratika kabisa.

Fundi wa makumbusho, John Doubleday, alikiunga mwaka uleule akasifiwa, na sifa hiyo aliistahili. Hata hivyo vipande 37 vidogo vilikosa mahali pake.

Mti hunywa gundi, na udongo hunywa gundi. Kioo hakinywi. Uso wake ni laini, gundi haina tundu la kushika, na unyevu wa hewa ukipenya katika kiungo huibandua polepole. Tena kioo hakina siri. Kiungo cha mtungi hufichwa kwa rangi, lakini nuru hupita katikati ya kiungo cha kioo. Gundi isiyopinda nuru kwa kadiri ileile ya kioo huuonyesha ufa kama uzi wa fedha. Zamani mafundi walitegemea sana gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo ikikauka juu ya kioo hujikunja kwa nguvu hata ikabandua magamba ya kioo chenyewe. Wapambaji wa madirisha waliufanya ubaya huo kuwa mtindo wa kutia nakshi. Kwa mtunzaji wa kale ni msiba.

Chombo kilifunguliwa kikaungwa upya mwaka 1948 na 1949. Haikupita miaka 40 gundi ya safari hiyo nayo ikageuka manjano na kulegea. Mwaka 1988 Nigel Williams na Sandra Smith walikizungushia karatasi za kunyonya maji, wakakiweka katika mvuke wa dawa za kuyeyusha muda wa siku tatu, kikaachana vipande 189.

Hapo uchaguzi ukawa mgumu. Ipo gundi ya akriliki iitwayo Paraloid B-72, ambayo haigeuki manjano upesi na huyeyuka kwa asetoni wakati wowote fundi atakapo. Lakini huacha mapovu katika kiungo, na joto la nyuzi 40 hivi huilegeza. Katika sanduku linalopigwa na jua la nchi za joto hiyo si hatari ya kubuni. Na ipo epoksi: nyepesi kama maji, huingia yenyewe ndani ya ufa na kuufifisha machoni, hushika sana. Kosa lake ni huko kushika. Atakayetaka kuifungua baadaye atataabika, na kioo kitataabika pamoja naye.

Williams na Smith walichagua epoksi, baada ya kujaribu aina kadhaa. Wapo watakaosema walimfungia mlango fundi ajaye, na neno hilo si la kupuuzwa; lakini gundi mbili dhaifu zilikwisha kukilazimisha chombo kivunjwe tena, na kila kufunguliwa ni kuhatarishwa. Kazi ilimalizika mwaka 1989. Karibu vipande vyote vilivyoachwa na Doubleday vilipata mahali pake. Palipobaki pengo palijazwa utomvu wa buluu au mweupe.