Barua kutoka Tromsø: Kurudi salama si ushahidi

Ndugu zangu wa Mgogoni, Pemba,

Huku kaskazini ya Norway jua limerudi. Lilituaga mwishoni mwa Novemba, likachomoza tena katikati ya Januari, na sasa kila mwenye ski, vile vibao vya kutelezea juu ya theluji, anautazama mlima kwa hamu. Kila nikipiga simu mnaniuliza juu ya baridi. Baridi ina dawa yake, unavaa nguo. Kinachotisha hapa ni theluji inayoporomoka. Mwanzoni mwa Januari 2019 watu wanne waliokuja kuteleza, Mswidi mmoja na Wafini watatu, walifukiwa katika bonde la Tamok, si mbali na hapa. Nyuma zaidi, tarehe 5 Machi 1986, wanajeshi 16 wa Norway walifia Vassdalen wakiwa mazoezini.

Theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Upepo huibeba upande mmoja na kuirundika upande wa pili, na chini ya tabaka gumu huenda likajificha jingine dhaifu, la chembe zisizoshikana, kama sukari. Mteremko ukifika nyuzi 30 au zaidi, uzito wa mtu mmoja watosha kuliangusha bamba zima la theluji. Wengi wanaofukiwa, poromoko hilo wamelianzisha wao wenyewe au mwenzao.

Nilimwona mwalimu mmoja wa mlimani akipima uimara wa theluji. Alichimba shimo hadi kifuani, akakata nguzo ya theluji, akalaza beleshi juu yake. Akagonga mara 10 kwa kifundo cha mkono, ikatulia. Mara 10 kwa kiwiko, ikatulia. Alipoanza kugonga kwa nguvu za bega, kipande cha juu kikachomoka na kuteleza, kimenyooka kama kilichokatwa kwa msumeno. Hatua chache pembeni akachimba shimo jingine, akapiga mapigo yote 30, wala hakikuchomoka kitu. Mlima ni ule ule na saa ni ile ile. Hakutafuta shimo la tatu la kumpa jibu alitakalo. Alisema tunashuka, tukashuka.

Tangu 2013 serikali ya hapa hutoa utabiri wa maporomoko, wenye madaraja 1 hadi 5. Mtu angedhani wengi hufa siku za daraja la 5. Hapana, siku hizo watu hukaa majumbani. Vifo vingi hutokea daraja la 3, siku ambayo mtu aweza kupanda na kushuka mara nyingi asipatwe na lolote, akajihesabu kuwa mjuzi. Mlima haumwambii kwamba alipita juu ya mauti. Mmarekani Ian McCammon alichunguza mamia ya ajali, akakuta hata wenye mafunzo waliangamia, ilhali mara nyingi dalili zilikuwa wazi. Kilichowaponza ni kwamba njia waliizoea, walimtegemea kiongozi, au waliona nyayo za waliotangulia.

Hapo ndipo ninapowakumbuka wetu waliofia baharini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba. Ilisajiliwa kubeba abiria 600 na ushei, na tume ya uchunguzi ikaja kusema waliokuwamo walipindukia 2,000. Meli kujaa kupita kiasi halikuwa jambo geni kwetu. Zilijaa, zikafika, na kila zilipofika tukaamini zaidi kwamba zitafika. Magazeti yaliandika kwamba wako waliouona msongamano ule bandarini wakakataa kupanda. Hao sijapata kusikia wakisifiwa, na nasema walistahili.

Wenyeji wa hapa hupanga safari ya mlimani wakiwa bado nyumbani: tutapita wapi, tukiona nini tutarudi. Kila mmoja huvaa kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa, na hubeba beleshi na ufito mrefu wa kuchomea theluji, kwa kuwa baada ya kama dakika 15 matumaini ya kumtoa mtu hai hupungua sana. Na mmoja akisema haendi, hata awe mdogo wa wote, hatakiwi kuthibitisha. Kundi zima hugeuka.

Ami zangu, sikufundisheni bahari, nyinyi ndio mlionijuvya kusi na kaskazi. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, na simu kila kijana anayo. Tahadhari isomwe dikoni kwa sauti kabla chombo hakijasukumwa majini, wazee waseme wanavyoliona wingu, na majaketi ya kuokolea yavaliwe, yasikaliwe. Na baharia mdogo kuliko wote akisema leo moyo wake umekataa, naomba msimcheke. Rudisheni chombo.