Neno Moja Kwenye OB

Jumatatu, 30 Januari 2023
Mpwa wangu kafika saa nne usiku akisukuma pikipiki kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba kama muhogo. Anasema askari watatu waliwavamia stendi ya boda kwa rungu. Aliuliza tu, "Afande, nimekosa nini?"

Jumanne, 31 Januari
Hospitali imesema kifundo kimevunjika. Kutoka hapo tukaenda kituoni. Askari wa kaunta alikuwa mpole, lazima niseme. Kalamu yake haikuwa na wino, nikampa yangu. Akauliza: "Waliokupiga, majina yao? Namba?" Angezionaje, na walivaa makoti ya mvua juu ya sare? Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Jedwali la Sita, inamtaka askari mwenye sare aweke jina au namba panapoonekana, na akitumia nguvu amwarifu mkubwa wake papo hapo.

Nikachungulia kabla hajafunga OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kaandika: "ameumia mkono." Nikamwambia, afande, hakuumia, amepigwa. Alinitazama kitambo, kisha akalikata lile neno na kuandika "alipigwa na maafisa asiowajua." Nikanakili namba ya OB, nikachukua na P3, fomu ya polisi ya kujazwa na daktari.

Ijumaa, 3 Februari
Redioni, hukumu ya mauaji ya wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri. Askari Leliman kapewa kifo. Askari wenzake wawili na mpasha habari wao, kifungo cha kati ya miaka 20 na 30. Wale watatu waliouawa walitekwa Juni 2016 walipotoka mahakama ya Mavoko, miili ikaopolewa mtoni. Mwenda alikuwa wa boda. Alipigwa risasi na Leliman, akathubutu kumshtaki. Basi.

Dada yangu akazima redio. "Kaka, tuache. Mkono utapona." Sikuwa na la kumjibu. Haki ya Mwenda imekuja, lakini imemkuta kaburini.

Jumatatu, 6 Februari
Mpwa wangu kaamua mwenyewe kulalamika. Mimi sikumsukuma, na mama yake hakusema neno, alimfungia chapati mbili tu kwenye karatasi. Tulikuwa IPOA, mamlaka ya kusimamia utendaji wa polisi, saa tatu. Kulalamika hakulipiwi. Wamepokea nakala ya P3 na namba ya OB. Fomu kaitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Haifanani hata kidogo na ile ya kitambulisho.