Kutoka Gesima hadi Minnesota: Lugha Tatu katika Nyumba Moja

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hukaririwa mno madarasani, lakini ni nadra kuulizwa ni wakati gani hasa mtu huiacha mila yake: ni pale anapofunga mizigo, pale anapopanda ndege, au ni baadaye, jikoni mwake, pasipo yeyote kumwona? Maisha ya mwanamke mmoja mzaliwa wa Gesima yanadokeza jibu.

Gesima ni kata ya Kaunti ya Nyamira, katika eneo la Masaba Kaskazini, si mbali na mji wa Keroka. Ni nchi ya vilima na mvua, na miteremko yake imevikwa majani ya chai. Huko ndiko alikozaliwa mwaka wa 1980, Nyamira ingali sehemu ya Wilaya ya Kisii. Kabla ya kuanza shule aliandamana na mamake shambani, akajifunza kuchuma majani mawili na chipukizi, na kila alichokijua alikijua kwa Ekegusii. Nyanya alimwita "magokoro", babake alimwita "tata", na mamake alimwita "baba". Hili la mwisho huwashangaza wageni: neno ambalo kwa Kiswahili humtaja mzazi wa kiume, kwa Ekegusii ni la kumwitia mama.

Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 1987, miaka miwili baada ya kuanzishwa kwa mfumo wa 8-4-4 uliokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. Alikipenda tangu siku za mwanzo. Alifurahi kugundua kwamba "omonto" ni mtu, "omwana" ni mwana na "enyomba" ni nyumba. Ikawa kama kukutana na binamu ambaye hakuwahi kuambiwa kuwa yupo. Hata hivyo, Ekegusii chenyewe hakikuwa na nafasi katika uwanja wa shule. Aliyenaswa akikizungumza alivishwa kipande cha mbao shingoni, akakaa nacho hadi amnase mwenzake, na jioni wote waliokivaa wakachapwa. Binti huyu alikivaa mara nyingi. Akajifunza mapema kwamba lugha ya mamake ni ya kunong'onezwa.

Babake alikuwa na wana watano wa kiume na shamba lisiloweza kugawanywa mara tano. Uhaba wa ardhi si jambo geni katika nchi ya Abagusii, mojawapo ya sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa wa watu nchini Kenya. Kwa hiyo aliposhinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1990, hakuna aliyemuuliza kama angekwenda. Ng'ombe aliuzwa, majirani wakafanya harambee, na Januari 2003 akatua Minnesota, jimbo ambalo baridi yake huweza kushuka hadi nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri.

Hakuwa mpweke. Abagusii wengi walikuwa wamekwisha kulowea huko, hususan katika vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis kama vile Brooklyn Park na Brooklyn Center. Walikutana makanisani, arusini, na zaidi katika michango ya kusafirisha maiti, kwa kuwa Mgusii hupenda kulazwa katika udongo wa kwao. Katika mikutano hiyo Ekegusii kilizungumzwa kwa sauti kubwa, na mwanzoni yeye alikuwa akitupa jicho nyuma, kana kwamba mtu angetokea na kile kipande cha mbao.

Alipata kazi ya usaidizi wa wauguzi katika makao ya kutunzia wazee. Aliwaogesha, aliwalisha na kuwageuza vitandani mama wa watu wengine, ilhali mamake mwenyewe alikuwa akizeeka Gesima, na kila mwezi akimtumia fedha za dawa. Aliolewa na Mkenya mzaliwa wa Mombasa, nao wakasemezana kwa Kiswahili. Mwaka wa 2007 walijaliwa binti.

Hapo ndipo uamuzi ulipofanywa, ingawa hakuna aliyeketi akauamua. Mtoto alizungumziwa Kiingereza ili asichekwe shuleni. Maneno machache ya Kiswahili yalisalia: chai, lala, njoo, mama, baba. Ekegusii hakikupewa hata neno moja. Mama alijiambia kuwa wakati wake ungefika.

Siku moja ya mwaka wa 2010 alimpigia simu mamake na kumpa mtoto kipaza sauti. Mumewe akaingia kutoka kazini, na mtoto akaita kwa furaha, "Baba!" Ajuza kule Gesima akafurahi kupita kiasi, akidhani mjukuu anamwita mamake kwa lugha ya kwao. Alianza kumsemesha kwa Ekegusii, akimuuliza hili na lile. Mtoto alisikiliza, kisha akairudisha simu mezani. Mwanamke huyu hakuwa na moyo wa kumweleza mamake ukweli. Akawa mkalimani tangu siku hiyo, na ukalimani wake ulikuwa wa uongo: mtoto aliposema amechoka kuzungumza, ajuza aliambiwa kwamba mjukuu anamsalimu sana.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameapishwa kuwa raia wa Marekani, na kwa sheria ya Kenya ya wakati ule akaupoteza uraia wa kuzaliwa. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilimfungulia mlango wa kuurejesha. Alijaza fomu, akalipa ada, akawa Mkenya tena. Lakini lugha haina ofisi ya namna hiyo.

Kilichomzindua kilitokea kazini, mwaka wa 2016. Palikuwa na bibi kizee mzaliwa wa Minnesota, aliyelelewa na wazazi waliotoka Norwei. Maradhi ya usahaulifu yalipomzidi, Kiingereza alichokizungumza maisha yake yote kilimtoka siku baada ya siku, akabaki na Kinorwei cha utotoni. Wanawe walikuja kila Jumapili, watu wazima wenye mvi, wakaketi kando ya kitanda wakimsikiliza mama yao wasiambulie neno. Mmoja wao alimuuliza mwanamke huyu, kwa aibu, kama huenda amejifunza kujua bibi anataka nini. Kweli alikuwa amejifunza: anapotaka maji, anapoona baridi. Yeye wa Gesima alielewa kuliko watoto wa kuzaa.

Mwenzake wa zamu alikuwa wa jamii ya Hmong, aliyekulia miongoni mwa wakimbizi nchini Thailand na kufika Minnesota mwaka wa 2004. Huyo alizungumza Kihmong kwa wazazi wake na Kithai kwa majirani; wanawe wakamjibu Kiingereza kwa yote mawili. "Sisi tutazeeka wapi?" aliuliza usiku ule, na hakuwa akiuliza juu ya mahali.

Mwanamke huyu alirudi nyumbani alfajiri akiwaza. Ekegusii kimezungukwa tangu zamani na majirani wenye lugha za asili nyingine kabisa, Wajaluo, Wakipsigis na Wamaasai, na bado hakikumezwa. Shuleni kilichapiwa viboko, kikaishi. Leo hapana anayekichapia, nacho kinafia jikoni mwake, mikononi mwake.

Hakumtafutia binti mwalimu wala kitabu. Alianza kumtuma. "Inchwo," alimwita alipomtaka aje. "Ikaransa," alimwambia alipomtaka aketi. Binti, aliyekuwa na miaka tisa, alikasirika, kisha akazoea, kisha akaanza kuuliza. Aliposikia kwamba "baba" ni mama alicheka hadi machozi yakamtoka, na babake wa Mombasa akadai arudishiwe jina lake. Punde mtoto akawa ndiye anayeomba simu. Walipiga saa nne za usiku majira ya joto, wakati ambapo Gesima ni saa kumi na mbili asubuhi. Binti alisimama dirishani, giza nje, akasema "Bwakire", yaani salamu ya kupambazukiwa, kwa sababu kwa nyanyake kulikuwa kumekucha. Sentensi zake zilikuwa fupi na zenye makosa. Ajuza alizisahihisha, na mkalimani akapumzishwa.

Juni 2020 ajuza aliaga dunia. Safari za ndege za abiria kuingia Kenya zilikuwa zimesitishwa tangu mwezi wa Machi kwa sababu ya janga la korona, na ndugu wachache tu waliruhusiwa kukusanyika kaburini. Mwanamke huyu, aliyechangia nauli za maiti za watu wengi zirudi kwao, hakuweza kurudi kumzika mamake. Aliyatazama mazishi kwenye simu, picha ikikatika na kurejea, kaburi likichimbwa pembeni mwa michai aliyoichuma utotoni. Hakulia. Binti yake, miaka kumi na mitatu, alikaa karibu naye akiyasikiliza maombi ya Ekegusii, mengine akiyaelewa, mengine yakimpita.

Simu ilipozimika, binti alimshika mkono. Angaliweza kumwambia pole kwa Kiingereza, lugha aliyoimudu zaidi. Angaliweza kumwita mama, kama alivyomwita siku zote. Alimtazama kidogo, kisha akasema, "Baba."

Hapo ndipo alipolia.